Mtu Aliyepunguza Mistari

Wanaonisoma kila wiki wanaijua tabia yangu mbaya: gazeti likifika, naanzia kurasa za tanzia. Watoto wangu hunicheka, ati natafuta jina langu. Juma lililopita sikutafuta sana. Picha ilikuwa juu kabisa, uso mwembamba, miwani mikubwa ya enzi zile, na tabasamu la mtu aliyelazimishwa kutabasamu. Tangazo lilisema ameaga dunia baada ya kuugua kwa muda mfupi, na kwamba atazikwa nyumbani kwake Kiganjo. Fundi wa redio, ndivyo walivyomwita. Nilikasirika, tena sana. Fundi wa redio alikuwa kweli, lakini katika nusu ya pili ya maisha yake. Katika nusu ya kwanza alifanya kazi ambayo sijui kama kuna mwingine aliyeifanya wakati huo katika miji yetu hii ya chini ya Mlima Kenya: aliunda programu za kusoma programu nyingine, kuzichambua neno kwa neno na kuzipunguza uzito. Mimi nilikuwapo. Meza yangu ilitazamana na yake, na ndiyo maana leo sitaandika juu ya bei ya mbolea kama nilivyokusudia.

Ilikuwa miaka ya themanini, na mimi nilikuwa mpiga taipu katika ofisi ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa mjini Nyeri. Kompyuta ilipoletwa ilitengewa chumba cha pekee kilichokuwa na zulia, na meneja akatoa amri kwamba kila anayeingia avue viatu, kwa sababu vumbi lingeiua. Basi ukipita kwenye ukumbi uliona viatu vimepangwa mlangoni, vya karani, vya mhasibu, vya meneja mwenyewe, na Julai ile baridi yetu inapouma, ulisikia watu wakikanyaga zulia kwa vidole. Mashine ilitunza habari za ng'ombe: huyu mama yake ni nani, alipandishwa kwa mbegu za fahali gani, atazaa lini. Mfugaji akileta habari kwamba ng'ombe wake yuko na joto, yaani anataka fahali, mashine ilichagua fahali asiye wa ukoo wake, kisha kila asubuhi ikachapa orodha. Orodha hiyo alipewa mtu tuliyemwita daktari, akapanda pikipiki na chupa yake ya mbegu, akazunguka toka Mweiga hadi Mukurweini. Bila orodha hakuna safari.

Programu yenyewe ilikuwa imeandikwa na mtaalamu mgeni aliyekaa nasi miezi michache akaenda zake. Ilikuwa mistari mingi, kila mmoja na namba yake, na baadhi ya mistari haikuwa amri. Ilianza kwa neno fupi lililoiambia mashine iruke, halafu ikafuata sentensi ya kumweleza binadamu kinachoendelea hapo. Sasa tatizo likawa nafasi. Mashine za siku hizo zilikuwa na kumbukumbu finyu, na yale maelezo yalikula nafasi sawa na kazi yenyewe. Kila tukiongeza ng'ombe, mashine iligoma. Mwenzangu huyu, kijana wa watu aliyejifunza kompyuta kwa vitabu vya kuazima, alikaa miezi miwili akaunda programu yake. Iliifungua ile nyingine kama maandishi ya kawaida, ikakata kila mstari vipande, hii ni amri, hili ni jina, hii ni namba, hizi ni nafasi tupu, haya ni maneno ya kuwapa watu faraja. Kisha ikatupa kisichohitajika na kuandika upya kilichobaki. Aliiita Gitaruru, kwa jina la ungo ambao mama zetu hupepetea maharagwe. Usione vyaelea, vimeundwa: mimi niliona kidole kikibonyeza kitufe kimoja tu, lakini nilikuwa nimeziona karatasi alizojaza na kuchana kabla ya siku hiyo.

Siku ya kwanza Gitaruru alipepeta vizuri mno. Programu ilibaki karibu nusu, meneja akampa mkono mbele yetu sote, tukanywa chai na mandazi. Ilikuwa Ijumaa. Jumatatu asubuhi mashine iliwashwa, ikafanya kazi kidogo, ikasimama na kusema kwamba mstari inakotumwa haupo. Orodha haikutoka. Daktari alisimama uani na pikipiki yake inanguruma, akangoja, mwishowe akaizima. Kumbe yule mtaalamu mgeni alikuwa na mazoea yake. Kila sehemu ya kazi aliianza kwa mstari wa maelezo, na mistari mingine ilikuwa ikiiambia mashine iende kwenye mstari huo. Mashine ilifika pale, ikaona hakuna amri, ikateremka kwenye mstari unaofuata na kuendelea. Mstari wenyewe haukufanya lolote, lakini ndio uliokuwa mlango. Gitaruru alikuwa ameing'oa milango yote akidhani ni mapambo.

Jumatano alifika mama mmoja kutoka Mukurweini, mjane, amevaa sweta mbili na matope yamemfika magotini. Hakupiga kelele. Alimuuliza meneja ni nani aliyeharibu, na mwenzangu akasimama mwenyewe, hana viatu. Yule mama akamwangalia miguu, akamwambia, "Ng'ombe yangu haingojangi computer. Jumatatu ilikuwa na joto, saa hii imepita. Sasa mpaka wiki tatu, na mimi niko na hiyo moja tu." Wiki tatu za maziwa kwa mtu mwenye ng'ombe mmoja si mchezo, na kila mtu chumbani alilijua hilo. Mwenzangu alirudisha ile programu ya zamani ili orodha zitoke. Aliandika tarehe kwenye ukuta kwa penseli, na wiki tatu zilipotimia alipanda nyuma ya pikipiki ya daktari hadi Mukurweini, akashika kamba ya yule ng'ombe kwa mkono wake mwenyewe. Alirudi na mkungu wa ndizi, shati limechanika. Kisha akaifungua Gitaruru na kuiandika upya.

Safari hii aliifanya ipite mara mbili. Mara ya kwanza ilisoma programu nzima toka juu hadi chini bila kugusa kitu, ikiweka akiba ya kila namba ambako mstari mwingine unaituma mashine. Mara ya pili ndipo ilipopepeta, na mstari wowote uliokuwa kwenye ile akiba iliuacha, hata kama ulikuwa mtupu kabisa. Nilimuuliza kwa nini ajisumbue hivyo kwa mistari isiyofanya kazi. Akanijibu kwa ile sauti yake ya pole, "Dada, mstari inaweza kuwa haifanyi kitu, lakini wengine wote wanatumwa hapo. Kwanza ujue nani anatumwa wapi, halafu ndiyo ufute." Nilicheka, nikarudi kwenye taipu yangu.

Nimeishi kuona nchi hii ikipunguza mambo mengi. Nimeona mabweni yakifungwa, vituo vya maziwa vikiuzwa, wazee wa kupanga foleni hospitalini wakiambiwa warudi nyumbani kwa kuwa kuna mashine ya kutoa namba. Mara nyingi anayepunguza si mtu mbaya. Ana kalamu, ana haraka, na ametazama mara moja tu. Humuuliza mtu unafanya nini, na mtu mnyenyekevu akishindwa kueleza, basi anaondolewa. Sijawahi kumwona hata mmoja anayekaa kwanza kuangalia watu wanatumwa kwa nani. Samahani, nimemwona mmoja.

Miaka michache baadaye bodi yetu iliamua kwamba ofisi ina watu wengi, watano waondoke. Meneja alikuwa na majina yake tayari, na la kwanza lilikuwa la mama wa chai. Mama huyu alitoka Majengo, mtaa wa hapo hapo mjini, Mwislamu, mjane mwenye mabinti wawili shuleni na chumba cha kupanga karibu na msikiti. Alipika chai saa nne na saa kumi, na muda uliobaki alikaa kwenye stuli karibu na mlango. Akiondolewa, chumba kinaondoka na shule ya mabinti inakwisha. Hilo tulilijua sote, na hakuna aliyefungua mdomo. Asiyekuwapo na lake halipo, na mama wa chai hakuwa akiitwa kwenye mikutano. Meneja, kwa utani, akamwambia mwenzangu, wewe ndiye bingwa wa kupunguza, ipitishe orodha hii kwenye ungo wako. Mwenzangu hakuuchukua kama utani. Alinunua daftari, akakaa kwenye benchi la ukumbini juma zima, akisikiliza na kuandika nani anatumwa kwa nani. Mzee asiyejua kusoma alifika, akaambiwa muulize mama wa chai. Daktari aliacha ujumbe kwa mama wa chai. Dereva aliacha funguo kwake. Mfugaji aliyeanza kueleza ugonjwa wa ndama alikatizwa kabla hajamaliza, ongea na mama pale, atakuonyesha mlango. Jumamosi nililiona lile daftari. Mama wa chai alikuwa na kurasa tatu. Mimi nilikuwa na nusu ukurasa, nami nilijiona mtu muhimu. Mwenzangu mwenyewe alikuwa na mstari mmoja: kuna mtu aliyekuwa ametumwa kwake kuazima koleo.

Alimpelekea meneja daftari. Mlango haukufungwa vizuri, nikasikia. Meneja alikubali, sitamsingizia, alikubali kabisa kwamba mama wa chai ndiye anayeiendesha ofisi. Lakini bodi imesema watano, akasema, na nne si tano. Mwenzangu akatoka, akaichukua ile orodha ya majina kwenye meza yangu, akafuta jina la mama wa chai na kuandika lake. Aliniambia niipige taipu. Nilimtazama, naye akawa anapangusa miwani. Programu zake zilikuwa zinakwenda zenyewe siku hizo, hakuna aliyemhitaji, na hilo lilikuwa kosa lake la kufanya kazi vizuri. Nikamuuliza kama niandike sababu kando ya jina. "Usiandike," akasema. "Hiyo ni maelezo tu. Na mama asiambiwe, atasikia vibaya." Nikapiga taipu majina matano. Niseme ukweli wangu hapa, nimeuficha muda mrefu: nilichosikia moyoni asubuhi ile ni furaha, kwamba jina langu halimo.

Mwisho wa mwezi alivaa viatu vyake mlangoni pa chumba cha kompyuta, akaenda Kiganjo, akafungua kibanda cha kutengeneza redio karibu na maduka yale ambako makurutu wa polisi hununua sabuni. Mama wa chai alibaki hadi alipostaafu. Mabinti walimaliza shule, mmoja sasa ni muuguzi. Mimi nilihama, nikaanza kuandika magazetini, nikawa mtu wa kuwaeleza wengine mambo.

Jumamosi nilikwenda kumzika. Wasifu wake ulisomwa kwa dakika tatu: alizaliwa, alisoma, alifanya kazi ya ofisi, alitengeneza redio. Nilipokuwa nikitafuta kiti niliona buibui katikati ya vitambaa vya kichwa vya akina mama wa kanisa, na hapo chini ya buibui alikuwa mama wa chai, mzee sasa, ameshikwa mkono na binti yake yule muuguzi. Alinitambua kabla sijamtambua. Tulisalimiana, tukaulizana afya, kisha akaniuliza jambo ambalo nadhani alikuwa amekuja nalo kutoka nyumbani. Kwa nini yule kijana aliacha kazi ghafla vile, bila hata kumuaga? Nikajua kwamba nikinyamaza tena, ni sisi wawili tu tuliobaki, na mmoja wetu hajui. Nikamwambia. Nikamwambia yote, daftari, kurasa tatu, jina lililofutwa na jina lililoandikwa, na kwamba ni mimi niliyepiga taipu.

Hakulia. Akasema taratibu, "Mimi nilidhani alipata kazi kubwa Nairobi akatuona hatufai. Nilimwona mara moja hapo sokoni, mwanangu. Alinijia anacheka. Nikageuza uso, nikapita." Akanishika kifundo cha mkono. "Alinijia anacheka," akasema tena, na binti yake akamwinua.

Nimeifikiria kazi ya yule bwana juma zima. Katika kufuta alikuwa mwangalifu kuliko mtu yeyote niliyemjua, na bado jambo moja alilikosea, nami nikamsaidia kulikosea. Mashine haina haja ya kujua kwa nini. Mtu anayo haja hiyo. Ukimwachia mtu wema bila sababu yake, ataitafuta sababu mwenyewe, na akiikosa ataweka yoyote iliyo karibu, hata ya chuki. Kwa hiyo, msomaji wangu, kama kuna mtu anayekula leo kwa sababu mwingine alijinyima, na wewe unajua, usingoje mahema ya mazishi. Nenda ukamwambie angali anaweza kwenda kushukuru. Waliotenda wema kwa siri na waone haya kama wanataka kuona haya, wewe sema. Kutoka kwenye taipu yangu hadi Majengo ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu, na mimi sikwenda.