Kipande cha Urani Mezani kwa Fundi Pindo

Fundi Pindo alikuwa mshonaji, mwanamke mwembamba asiyejua kunong'ona. Marehemu baba yake, fundi wa ndege, alimwachia kipande cha chuma kilichopakwa rangi, ukubwa wa tofali. Kilitoka kwenye mkia wa ndege kuukuu iliyovunjwa. Kazi yake huko ilikuwa kuongeza uzito tu. Kwa Fundi Pindo kilikaa kwenye meza ya kukatia, kikikandamiza vitambaa. Hakuna aliyekihamisha. Vitambaa ndivyo vilivyokifuata.

Siku moja akaja shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyeitwa Kifaru kwa kuwa alijiita hivyo mwenyewe.

"Shemeji, nikusogezee haka katofali?"

"Kaache, shemeji. Kazito hako."

"Kazito kwa nani?" Kifaru akatia mkono mmoja. Wapi! Akatia wa pili, akauma meno, akavuta. Kitu kikalia ko! Kilikuwa kiuno chake.

Daktari akaagiza alale chali juu ya kitu kigumu. Nyumba nzima kitu kigumu kilikuwa ile meza tu. Basi Kifaru akalazwa pale, na kwa kuwa kazi haingoji mgonjwa, Fundi Pindo akamtandikia mapazia chini ya mgongo ayakandamize.

"Usipumue sana, shemeji. Chaki inahama."

Ndipo akaja mteja, mama mmoja anayepima mionzi hospitalini, kuchukua suruali ya mumewe. Akasoma maandishi ubavuni mwa tofali, akaondoka, akarudi na kipimo. Kikalia tiki-tiki-tiki.

"Hii ni urani," akasema. "Ile hafifu, iliyokwisha kutolewa makali yake. Inayashinda hata madini ya risasi kwa uzito, tena mbali. Ndiyo maana waliitia kwenye ndege: nafasi ndogo, uzito tele."

"Ina mionzi?"

"Kidogo. Kibaya zaidi ni vumbi lake likiingia mwilini. Umewahi kuipiga tupa?"

"Tupa ya nini? Mimi nashona!"

"Afadhali. Ingerusha cheche."

Kifaru alishasahau kiuno. Aliruka kutoka mezani, akajifungia kabatini.

"Unafanya nini humo?" Fundi Pindo akagonga.

"Natazama kama nang'aa!"

"Unang'aa?"

Kifaru akapapasa gizani. Kisha, kwa sauti ndogo: "Shemeji, kuna kitu cha kijani kinametameta."

"Hilo gauni la bibi harusi! Toka kabla hujalikunja!"

Wataalamu wakaja na kasha maalumu, wakalichukua tofali. Wakapima meza, chumba, na Kifaru. Salama. Kifaru akaomba wampime tena kwa nyuma.

Fundi Pindo alijua wateja watamkimbia. Akanunua pasi nzito, akakaa kuwangoja kwa unyonge. Wakamiminika! Mtaani walivumisha kwamba suruali zake zimenyooshwa kwa madini ya ndege, na mstari wake haufi. Akawaambia ukweli: tofali limekwenda, sasa ni pasi tu kama ya watu wengine.

"Tumekuelewa, mama," wakajibu, wakikonyezana, huku wakirundika suruali mezani.