Kichwa Changu Kwenye Simu ya Muuza Vidonge

Leo mtu amejaribu kuniuzia nywele zangu mwenyewe. Hapa hapa mtaani Umoja, saluni.

Nimekaa kwa foleni, kitambaa kichwani, akaingia dada mmoja na mikebe ya vidonge vya kukuza nywele. Ati biotini, ati zinki, ati kolajeni.

Akaniangalia juu chini.

"Mathe, hata bila kufungua hicho kitambaa, naona nywele zako ziko na njaa."

Njaa! Nywele!

Nikamwambia mimi hula visamaki vya omena na majani ya managu. Akacheka, ati hizo ni mboga tu. Kisha akatoa simu atuonyeshe mteja wake aliyemeza vidonge miezi mitatu.

Picha ni ya kisogo. Nywele nzito, zimefika mabegani.

Na nyuma ya sikio, alama ya kuungua.

Hiyo alama naijua. Mamangu alinichoma na chanuo la moto nikiwa darasa la tano, akininyoosha nywele za Krismasi.

Nilitoa kitambaa, nikageuka, nikavuta sikio mbele.

Msusi wangu, aliyenipiga hiyo picha mwezi jana "ya kumbukumbu tu", ghafla akaanza kufagia.

Na huyo dada? Haya hana. "Si mnaona vile zimeshika?"

Sijawahi kumeza hata kimoja!

Lakini aliyenimaliza ni mama tuliyeketi naye kwa foleni. Ameona yote, amesikia yote, na tayari ameshika pochi.

"Siz, kwani wewe ulimeza mikebe mingapi?"

Nyinyi mngemjibu nini?