Jua la Montreal na Fundo la Lalla Hniya

Lalla Hniya wa Meknes alimwamini Mungu peke yake. Wanadamu aliwapima kwanza. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Marehemu mumewe kwa miaka alimwambia anafuata kazi Kasablanka, kumbe ana mke wa pili Kenitra, karibu kuliko huko. Tangu hapo, akitajiwa safari, aliuliza umbali na saa.

Sasa mwanawe wa pekee, Nizar, alimtaka auze nyumba, wakaishi pamoja Montreal.

"Nikimnasa kwa uongo mmoja tu, siuzi," alimwambia jirani yake Batul.

Nizar alipaa kutoka Kasablanka kurudi huko saa tano asubuhi, Ramadhani, akiwa amefunga. Mama alimfungia shebakia, vitamu vya asali, katika kitambaa, akapiga fundo kwa namna yake mwenyewe. Mtu akilifungua hawezi kulirudisha.

"Za kufuturia hizo," alimwambia, uso mkavu.

Magharibi ilipoadhiniwa, Lalla Hniya na Batul wakafuturu kwa supu ya harira. Bakuli hazijaisha, simu ikalia, na uso wa Nizar ukatokea.

"Nimeshatua, mama. Niko uwanjani."

"Umefuturu?"

"Bado. Huku saa tisa mchana."

Kijiko kikawekwa chini. "Mmeruka muda gani?"

"Saa nane."

"Kutoka saa tano, ukihesabu nane, ni saa moja usiku. Hiyo saa tisa umeiokota wapi? Hata babako hakuthubutu uongo wa namna hiyo!"

Batul akacheka. "Shoga, ndege ilikuwa inalifukuza jua! Tena msafiri ana ruhusa ya kula. Adanganye ya nini?"

"Ruhusa naijua. Kama kala, aseme. Njia ya mwongo fupi."

Nizar akaelekeza simu dirishani. Theluji nje, na jua linawaka juu yake.

"Jua nimeliona. Nionyeshe kitambaa."

Alilichungulia fundo mpaka pua ikagusa kioo cha simu. Lilikuwa lake, halijaguswa. Mama mwingine angefurahi; yeye roho ilizidi kumwasha. Utotoni Nizar alichapwa kwa kufungua fundo kama hilo, lililofunika mtungi wa asali. Alilijua vizuri mno.

"Nizar, usinizungushe. Hukula kwa kumcha Mungu, au kwa kuliogopa fundo langu?"

Batul akaangalia pembeni.

"Fundo, mama. Katikati ya bahari njaa ilinishika, nikasema ruhusa ninayo. Nikaliona fundo lako, nikarudisha mkono."

Lalla Hniya akanywa harira yake taratibu, machozi yakimtoka. Katika ndoa nzima hakuwahi kupewa jibu kama hilo hata mara moja.

"Basi lifungue ule, mwanangu. Magharibi yako bado mbali." Akamgeukia jirani yake. "Nawe Batul, kesho niitie dalali."