Swichi ya Kolido

Haya ninayokueleza yalinipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Wakati huo nilikuwa fundi wa umeme, nakaa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, na naapa kwa Mungu sikuwa nimeonja hata tone la pombe. Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana mbele huko hutacheka.

Vita vilikuwa vimekolea. Mke wangu na watoto wetu wawili walikuwa wamekimbilia Kigoma, mwaka wa tatu huo, mimi nikabaki. Nikiulizwa, nasema nalinda nyumba. Nyumba gani? Vyumba viwili na sanduku la vyombo vya kazi. Ukweli ni kwamba mwanzoni niliogopa njia, halafu nikazoea. Na upweke, ndugu yangu, unazoeleka vibaya. Unapika chakula cha mtu mmoja, unakula umesimama, unalala.

Siku moja nikaitwa Ngagara, kwa mwalimu mmoja, Madamu Spesi. Aliishi peke yake. Hawakujaliwa mtoto, na mume wake, Deo, alikuwa ametoka asubuhi moja kutafuta makaa, hakurudi. Maiti haikuonekana, wala hakutokea wa kusema alimwona wapi. Shida iliyonipeleka ilikuwa taa ya saluni, yaani sebule: kila jioni inazimika yenyewe. Mafundi wawili walikuwa wamenitangulia na kushindwa.

Saluni ile ilikuwa na swichi mbili kwa taa moja, moja kando ya mlango na nyingine kwenye kolido inayokwenda vyumbani. Unawashia huku, unazimia kule. Nikafungua zote mbili, nikapima waya. Kila kitu kizima. Nilipomwambia hivyo akanitazama kama anayepima iwapo nitamcheka.

"Fundi, mi najua haina kosa. Ni bwana yangu anaizima."

Nikaweka bisibisi chini.

"Zamani ikifika saa moja anazima na ile ya kolido. Anasema, Spesi, mwangaza unatuonesha kwa barabara, watu ya bunduki watajua kama tuko. Na sasa bado anazima. Nasikia kidole, ta! Giza. Nasikia anapumua, lakini mi simuoni. Nikiwasha, anazima tena."

"Sasa unataka nini, Madamu?"

"Taa kidogo. Ile yeye atakubali."

Wewe ungefanyaje? Nilijua ni huzuni imemzidi, na wa namna hiyo walikuwa wengi mjini. Lakini nyumbani nilikuwa na variateri, ile swichi yenye kitufe cha duara: ukikibonyeza taa inawaka, ukikizungusha mwanga unapanda au unashuka. Nilipewa na Mzungu mmoja aliyefunga nyumba yake akaondoka. Siku mbili baadaye, alasiri, nikarudi nayo.

Kazi ilinisumbua. Kisanduku cha zamani ukutani hakikuwa na kina, ikabidi nichonge saruji. Taa yenyewe ilikuwa neoni, ile ndefu ya mrija, nayo haikubali kupunguzwa, nikaweka balbu ya kawaida. Swichi ya mlangoni nikaing'oa, variateri ikakaa mahali pake. Ya kolido alinikataza kuigusa.

"Apana. Hiyo ni yake."

Nilipokaza skrubu ya mwisho jua lilikuwa limeshazama nyuma ya milima ya Congo na saa za kutotembea zimeingia. Nje hapakuwa na mguu wa mtu. Nikajua nitalala pale. Akanipa ugali na maharage, tukala. Saa moja ilipofika akasema, "Jaribu."

Nikasimama mlangoni, nikawasha mwanga wote. Haukumaliza dakika. Ta! Giza. Mimi niko mlangoni, yeye yuko mezani, na kwenye kolido hamna mtu. Niamini, nywele zilinisimama.

"Punguza," akasema.

Nikapunguza hadi nusu, nikabonyeza. Ta!

"Punguza tena."

Safari hii mwanga ulitoka kama wa kaa linalokaribia kufa, wa kuonea sahani lakini si sura. Tukangoja. Swichi haikulia. Nikasikia miguu pekupeku juu ya saruji, kisha kiti kikavutwa.

Akakaa. Mwanamume mrefu, shati la mikono mifupi, kama mtu unayemtazama kupitia chandarua. Madamu Spesi hakupiga kelele. Alisema tu, "Umekonda," akamsogezea sahani.

Kidole changu kilisogea kwenye kitufe, mwanga ukapanda kidogo sana, na yule mtu akafifia. Nikaushusha haraka, akarudi. Ndipo aliponigeukia.

"Fundi, watu yako wako wapi?" Sauti ya kawaida kabisa, ya mtu aliyetoka kazini amechoka.

"Kigoma."

"Wako wazima?"

"Wazima."

"Sasa we unafanya nini hapa?"

Unamjibu nini mtu kama huyo? Nikateleza hadi chini, mgongo ukutani, kichwa katikati ya magoti, sikuinua macho tena. Wao walizungumza kwa Kirundi, polepole, mambo ya nyumbani tu: bati linalovuja, bei ya makaa, dada wa Madamu anayeumwa. Kulipopambazuka kiti kilikuwa kitupu, na Madamu amelala juu ya meza, mkono wake umenyooka kuelekea kile kiti.

Mwezi haukuisha nikawa Kigoma. Usidhani nilipokelewa kwa vigelegele. Mke wangu alisimama kwenye mlango wa kibanda akanitazama, akasema, "Miaka mitatu, Baba Zaina." Mtoto mdogo alijificha nyuma ya kitenge chake, akauliza huyu ni nani. Ulipita msimu mzima wa mvua kabla hajaniita baba.

Amani iliporudi tukarudi wote Bujumbura, nami nikapita Ngagara. Madamu Spesi alikuwa amezeeka. Aliniambia kwamba bunduki ziliponyamaza aliwasha mwanga wote, akangoja ile ta! Haikulia. Akapunguza kidogo kidogo, mpaka mwisho wa kitufe. Kiti hakikuvutwa.

"Ameona hatari imeisha, akaenda," akasema. Kisha akashusha sauti. "Mungu anisamehe, fundi. Kuna siku natamani vita irudi."

Sikumlaumu, na wewe usimlaumu. Mimi mwenyewe hadi leo siwezi kukaa chini ya taa kali bila kutega sikio upande wa vyumba, na mke wangu ameshachoka kuniuliza nasikiliza nini.

Lakini wewe unayenisikia, kama una watu wako mahali na wako hai, usijitafutie sababu. Nenda kwao sasa, ungali unaonekana kwenye mwanga wote.