Pengo la Hulda

Hulda alipokuwa msichana kule ziwani, aling'olewa meno sita ya chini kama desturi ya Waluo wa enzi hizo. Pengo hilo alilionea fahari maisha yake yote. Wajukuu wake wa mtaa wa Pioneer, Eldoret, walilicheka. Amondi peke yake, wa miaka sita, ndiye aliyelitamani.

Desemba ile ya uchaguzi, jino la chini la Amondi lililegea, ufizi ukavimba. Meno ya utotoni hayo, nani angehangaika? Hulda akaling'oa kwa uzi. Mtoto akajitazama kiooni, akachekelea.

"Dana," akamwita bibi yake kwa Kijaluo, "sasa tunafanana!"

Bibi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Laiti angejua!

Uvimbe haukupungua. Ukajaa kinywani kama tonge lisilomezeka, na meno mengine mawili yakaanguka yenyewe. Wakati huo matokeo yalikuwa yametangazwa, mji unawaka moto, makabila yanawindana, barabara zimezibwa kwa mawe. Wakajifungia ndani, mtoto akisukutua maji ya chumvi.

Asubuhi Amondi alipotema damu, Hulda alimfunga mgongoni akatoka kwenda hospitali. Liwalo na liwe. Kwenye kizuizi cha barabarani vijana wenye mishale wakamzingira.

"Wewe ni mtu wa wapi, Mama?"

Hulda alijibu kwa pengo lake. Alifungua kinywa.

"Ah, huyu ni Mjaluo, ni wetu, tulipiga kura upande mmoja," kijana mmoja akasema. "Na huyo mtoto je?"

Amondi naye akafungua chake, kama alivyoona bibi akifanya. Kijana akageuza uso. Kisha akainama, akayasogeza mawe kwa mikono yake mwenyewe.

Hospitalini, daktari Jeruto alimshika Hulda mkono.

"Hii si maneno ya meno, Mama. Ni kansa ya nyama laini ya mdomo. Kwa watoto ni nadra sana, hata sisi hatuioni mara nyingi. Si wewe umeileta. Lakini imeshaenda mbali."

Dawa alipewa. Wakubwa wa siasa walipopatana na kupeana mikono kwenye televisheni ya wodi, watu wakashangilia, Amondi hakuweza tena kusema. Mvua za masika zilipoanza, wakamzika.

Miaka ikapita. Isaiah, baba yake Amondi, akamtengenezeshea Hulda, mama yake, meno ya bandia, ale nyama kama watu. Hulda aliyashukuru, akayafunga kwenye leso na kuyasukumia chini ya kitanda.

"Vaa basi, Mama," Isaiah akambembeleza.

"Nikiyavaa, mwanangu, siku nikifika kule Amondi atanijuaje?"