Tumefika, Ilisema Simu

Kaka yangu hajawahi kumtii mwanamke. Hakumtii mama enzi za uhai wake, hamtii mke wake, na mimi mdogo wake hanisikilizi hata nikimwambia kwamba zipu iko wazi. Kwa hiyo siku tuliyokwenda kumzika bibi nilishangaa kumwona akimtii mwanamke mmoja neno kwa neno, kutoka Bukoba mpaka pale tulipozama. Mwanamke huyo alikuwa ndani ya simu.

Bibi yetu mzaa baba alifia Kimwani, kule Muleba, kwenye kibanja chake, katikati ya migomba aliyoipalilia mwenyewe mpaka mgongo ulipokataa. Kaka ndiye mjukuu wake wa kwanza. Bibi alimlea tangu alipoachishwa ziwa mpaka akamaliza shule ya msingi, kisha kaka akaenda kusoma, akasoma sana, akabaki Dar es Salaam. Wazazi wetu walishatutoka, kwa hiyo ukoo ulikubaliana kwamba padri akimaliza, udongo wa kwanza autupe yeye. Mwenyewe hakujali sana udongo. Alinipigia simu analia, anataka kuuona uso wa bibi kabla jeneza halijafungwa. "Nimwone tu," alisema, "hata kidogo." Baba mdogo akamwahidi kwamba jeneza litakaa wazi mpaka misa itakapoanza, saa nane mchana. Padri alikuwa na mazishi mengine jioni ileile, na mvua ilikuwa haikosi alasiri, kwa hiyo saa nane ilikuwa saa nane kweli, si ile yetu ya kila siku.

Waombolezaji wa Nyanga, kule Bukoba ninakoishi, waliondoka mapema kwa basi dogo la kukodi, wakapitia uwanja wa ndege kumchukua kaka. Nafasi zetu zilikuwepo. Kaka alishuka kwenye ndege, akalitazama basi, akavitazama viatu vyake, akasema atakodi gari. Gari lililopatikana lilikuwa jeupe, refu, la kupanda kama unaingia darini. Nikaingia naye, kwanza kwa sababu mtu haachwi aende msibani peke yake, pili, niseme kweli, kwa sababu ya kiyoyozi.

Alipachika simu kwenye dashibodi na yule mwanamke akaanza kazi. Alizungumza Kiingereza cha puani, na majina yetu aliyatamka kama mwenye kiazi cha moto mdomoni. Kanazi aliitaja kwa namna ambayo mtu wa Kanazi asingejua kama anaitwa au anatukanwa. Kaka akatabasamu.

"Umesikia? Anaijua hadi Kanazi."

"Kanazi hata mbuzi wanaijua," nikamwambia. "Tuko kwenye lami, na lami ni moja."

Tulipoipita Muleba mjini, mwanamke akatuamuru tuiache lami. Mimi huenda Kimwani kila Krismasi. Unafuata lami mpaka kwenye senta wanapoegesha bodaboda, unashuka, unataja jina la bibi, unapakiwa. Nilimweleza kaka hivyo, kwa Kiswahili, kisha kwa Kihaya, kwa sababu kuna watu lugha moja haiwatoshi.

"Anasema huku ni karibu zaidi," akajibu, na usukani ameshaukata.

"Anayesema ni nani? Amewahi kuja kwenye msiba gani huku?"

Sisemi kwamba watu wetu ni hodari wa kuelekeza. Mhaya akikwambia "hapo tu mbele," beba chakula. Atakuelekeza kwa mti uliokwisha kukatwa, kwa duka lililofungwa, kwa nyumba ya marehemu ambaye hukupata kumjua. Tena hakuelekezi kabla ya kukusalimu, na akishakusalimu atataka kujua wewe ni mwana wa nani, wa ukoo gani, na ulipotelea wapi siku zote hizo. Lakini mahojiano yakiisha, ataacha jembe lake, atapanda gari lako na kukufikisha mlangoni. Simu haina jembe la kuacha.

Barabara ilianza vizuri, kama uchumba. Palikuwa na changarawe, mikaratusi imepangwa kando, na kaka akapiga mluzi. Baadaye changarawe zikageuka mawe, mawe yakageuka makorongo ambayo maji ya mvua yalikuwa yamejichimbia bila kibali cha mtu. Migomba ikaisha. Tukabaki na nyasi na vichuguu, na njia ikawa ya baiskeli, tena baiskeli yenye haraka zake. Kila tulipomwona mtu nilisema, "Simama tuulize." Kila niliposema hivyo kaka alikanyaga mafuta.

"Hawa watatuchelewesha na salamu zao."

Baba mdogo alipiga simu kuuliza tuko wapi, maana padri alishafika na watu wanamuaga bibi. "Tuko karibu kabisa," kaka akasema, "simu inaonyesha." Nilisikia wanawake wakiimba nyuma ya sauti ya baba mdogo. Kisha mtandao ukakatika.

Tukateremka bondeni. Gari lilikwenda mbele kidogo, likalalia upande, likakaa chini kwa utulivu kama mama aliyechoka. Nilichungulia dirishani nikaona maji. Tulikuwa juu ya tuta la shamba la mpunga, nusu juu ya tuta na nusu ndani ya mpunga wenyewe. Yule mwanamke, kwa sauti ya mtu anayestahili asante, akatangaza kwamba tumefika.

Nilimuuliza kaka aliandika nini kwenye hiyo simu.

"Kimwani."

Kimwani ni kata nzima. Ina vijiji na vitongoji, ina vilima, ina diwani. Ukiiambia mashine isiyo na ndugu ikupeleke Kimwani, itakutafutia katikati yake, na katikati yake ndiyo ile tuliyokuwa tumeizamia.

"Kwa nini hukuandika kitongoji?"

Alishika usukani kwa mikono yote miwili, ingawa hatukuwa tunakwenda popote.

"Jina limenitoka," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa ile safari yote. Mgeni huuliza njia bila aibu. Mwenyeji aliyesahau kwao afanye nini? Akisimamisha gari ataulizwa mwana wa nani, na swali la pili litakuwa la miaka aliyopotea. Makabila mengine hututania kwa neno letu wenyewe, nshomile, yaani nimesoma, kwamba Mhaya yuko radhi afe kuliko kukiri kuna kitu hajui. Kaka angeweza kukiri mambo mengi, lakini si kwamba haijui njia ya nyumba aliyokulia. Simu haikumuuliza chochote, ndiyo maana akaipenda. Nilikasirika. Jina la kitongoji nilikuwa nalo mdomoni tangu Nyanga, na angeniuliza ningemwambia.

Wanawake waliokuwa wakipalilia mpunga walikuja polepole, wamekunja khanga mapajani, wanacheka.

"Huku magari huja tu," mmoja akasema. "Alikuja bwana shamba, wakaja wazungu, wote na simu zao. Sisi tumezoea. Mpunga ndio haujazoea." Kisha akamgeukia kaka, akamsalimu kwa Kihaya na kumwita waitu, yaani wa kwetu. "Wasibota, waitu. Wewe ni mwana wa nani?"

"Tunatoka Bukoba," kaka akajibu, kwa Kiswahili safi cha taarifa ya habari.

Nikataja jina la bibi mimi. Kicheko kikakatika palepale.

"Si ndiye anazikwa sasa hivi?"

Hawakungoja jibu. Walishuka kwenye tope mpaka magotini, wakasukuma, nasi tukasukuma, na viatu vya kaka vilivyoogopa basi vikabaki humo bondeni mpaka leo. Mvua ilianza tukiwa bado tunasukuma. Gari lilipochomoka, mama mmoja akapanda nyuma na matope yake kutuelekeza. Yule wa kwenye simu akazinduka na kutuamuru tugeuke. Nilimzima, na nilimzima kwa raha.

Tulifika watu wananawa mikono. Baba mdogo alisema padri alikubali kutusubiri kidogo, lakini mvua ilipoanza kumnyeshea bibi usoni, wakaona wamfunike. Udongo wa kwanza aliutupa yeye, baba mdogo. Alisema hayo kwa upole, bila lawama, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kufokewa. Kaka alisimama pekupeku mbele ya kaburi lililokwisha kupangwa maua, akasimama sana, kisha akaja kukaa chini ya turubai kwenye kiti cha plastiki.

Kwetu mgeni akikaa huletewa kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na kukaushwa na maganda yake, ndani ya kikapu kidogo. Mtoto wa nyumba haletewi. Huingia ndani akajichotea mwenyewe. Shangazi yetu, aliyembeba kaka mgongoni utoto wake wote, alikuwa akipita na kikapu kwenye safu ya wageni. Mimi alinipita bila kunitazama, kama inavyopaswa. Alipofika kwa kaka akasimama, akainama, akakinyoosha kikapu kwa mikono miwili.

"Karibu, mgeni."

Kaka alikitazama kikapu. Akachukua punje, akazishika kiganjani bila kuzila.

"Shangazi," akasema, "bibi alikuwa na sura gani?"

"Alipendeza, waitu," shangazi akamjibu, na akakisogeza kikapu kwa mgeni aliyefuata.