Dirisha la Chumba cha Mtoto

Iko siku moja, mwanangu Deo, ambayo kila nikiikumbuka lazima niinuke nikaangalie matundu ya hewa ya nyumba hii. Tangu ulipoingia unanionyesha picha kwenye simu: madirisha ya kusukuma, madirisha ya kufunguka nje, vioo viwili, kioo cheusi, kioo cha maua. Unataka mama yako mkubwa akuchagulie ya nyumba yako. Nitakuchagulia, wala sitababaika, maana baridi ya Sumbawanga naijua kuliko huyo fundi wako. Ila weka simu chini kwanza, tunywe chai.

Dada yako Editha alikuwa hajaanza hata kutambaa. Tulikuwa tumehamia nyumba yetu ya kwanza ya tofali za kuchoma. Baba yako mkubwa, huyo anayejifanya hasikii pale kwenye kiti, alikuwa kijana wa kununua mahindi Laela, na kila alikopita aliona nyumba za wenye nazo zina madirisha mapana. Akaapa na yetu iwe hivyo. Akaweka dirisha pana la kioo kimoja kwenye chumba cha kulala, upande wa barabarani, ili wapita njia waone pazia letu. Upande huo ni wa kusini mashariki, na upepo wetu wa kipupwe unajua unakotoka. Wazee walimwambia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mume wangu wakati ule alidhani guu lake ni la chuma.

Ilipoingia Juni, kioo kikaanza kutoa jasho kila asubuhi. Maji yakawa yanateremka ukutani, ukuta ukaota ukungu, na Editha akaanza kukohoa. Hospitali wakasema ni kifua, mtoto apate joto. Niliogopa, mwanangu. Kila alipovuta pumzi nilikuwa nasikiliza kama ya pili itakuja. Baba yake naye aliogopa, ila woga wa wanaume una vitendo vingi. Alichukua vitambaa akaziba kila mwanya wa fremu. Akapanda juu ya stuli akaziba na matundu ya hewa kwa gunia. Kisha asubuhi moja akaingiza jiko la mkaa chumbani, akafunga mlango, akaketi na mtoto mapajani. Huku kwetu nani hajaingiza jiko ndani wakati wa kipupwe? Mimi nilikuwa uani nachambua maharage, nimefurahi kwamba leo mtoto atapata joto.

Waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, walimjua mama mkwe wangu. Asubuhi hiyo hiyo akaingia kutoka Mpui na unga wake wa ulezi kichwani. Nilimwamkia, nikamkaribisha kiti, akakataa. Alitaka kwanza kumwona mjukuu. Nikamfungulia mlango wa chumba. Joto likatupiga usoni. Mume wangu kichwa kimemwangukia kifuani, na Editha amelegea kama kitambaa kilicholoa.

Mama mkwe hakupiga kelele. Alimnyakua mtoto akatoka naye juani, akaniambia, "Mvute mume wako." Nikamvuta, miguu yake haimtii, mpaka tukafika nje. Editha alikuwa kimya. Kimya kile mpaka leo nakichukia. Halafu akalia, nami nikaketi chini kwenye maharage yangu nikalia kumpita yeye. Hospitali walituambia hewa ya mkaa ndiyo iliyotaka kuwachukua wote wawili, hewa isiyo na harufu wala moshi, na kwamba bibi angechelewa kidogo tu tungekuwa tunasema mengine.

Tuliporudi, mama mkwe alisimama mbele ya lile dirisha, akamwita mwanawe.

"Nyumba hii umemjengea nani?"

"Familia yangu, mama."

"Familia yako ni wale wanaopita barabarani? Baridi umeifungulia dirisha wewe mwenyewe, halafu unaifukuza kwa mkaa. Umeziba upepo, ukaziba na pumzi ya mtoto."

Mume wangu kule Laela watu walikuwa wanamwita bosi. Pale aliinama akasema, "Nimekosa, mama."

Bibi hakuishia kukaripia. Kwao Mpui, alisema, nyumba iliupa upepo mgongo, na jua ndilo lililopewa mlango. Akaita seremala. Dirisha likapunguzwa, kwa ndani ikaongezwa fremu ya pili ya kioo, pengo likaachwa katikati. Shuka mbili nyepesi zina joto kuliko moja nzito, alisema, kwa sababu ya hewa inayolala katikati yake. Matundu ya juu akayazibua kwa mkono wake. Tumefundishwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, nami nilijifunza siku ile kwamba kuna ufa wa kuziba na kuna tundu la kuacha. Kikohozi kikapona. Editha leo anafundisha Mwazye, na ana sauti ya kufukuza ng'ombe.

Kwa hiyo, mwanangu, vioo viwili nunua. Wanaokucheka kwamba ni mambo ya Ulaya hawajalala hapa Julai. Lakini viwe vimezibwa kiwandani, na uvitazame kabla ya kulipa: ukiona ukungu katikati ya vioo, hewa ya nje imeshaingia, umeuziwa viwili vinavyofanya kazi ya kimoja. Ya kusukuma yanapendeza, sikatai, ila yana mianya, na upepo wetu unajua kupiga mluzi. Upande wa upepo weka madogo ya kufunguka nje, yenye bawaba na mpira unaobana pande zote. Upande wa kaskazini, ambako jua hupita miezi ya baridi, weka mapana na kioo cheupe, jua liingie bure. Kioo cheusi waachie wenye joto lao Dar. Cha maua kipeleke bafuni. Na chini, mtoto anapoweza kufika, weka kile kigumu ambacho kikivunjika kinakuwa punje punje, hakimchani mtu.

Kama vyote haviwezekani kwa mara moja, usianze na sebule. Najua sebule ndiyo wageni wanaiona. Mkeo anajifungua karibuni. Anza na chumba atakacholala mtoto, hiyo sebule ikae na vioo vya kawaida hata miaka. Na matundu ya hewa usimruhusu fundi ayafute kwa sababu eti yanaharibu sura. Vioo viwili vinazuia baridi, havileti pumzi. Jiko la mkaa lisivuke kizingiti cha chumba hicho. Mengine nakushauri, hilo nakuamuru.

Mungu aibariki nyumba yako, mwanangu, upepo wa Ufipa uizunguke bila kuingia. Huyo anayekuja alie kwa njaa, alie kwa deko, akuamshe saa unazochukia kuamshwa, nawe ushukuru kwamba unamsikia. Haya, sasa mpigie fundi.